Mwanangu Haoni, Tuleteeni Mtu wa Kutufundisha

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu. Mawaziri wa kaunti wa Afya na wa Elimu. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti. Mheshimiwa Mbunge wetu wa Lamu Mashariki. Na maafisa wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawaandikia kutoka Siyu, kisiwani Pate. Mimi ni mama wa watoto watatu, kazi yangu kushona kofia, na mume wangu ni mvuvi. Mtoto wetu wa tatu ni msichana, ana miezi 14, na haoni. Tulijua akiwa na miezi mitano. Tangu siku hiyo hadi leo ni miezi tisa, na hajaingia mlangoni kwetu hata mtu mmoja wa serikali, ya kaunti wala ya kitaifa, kutuonyesha jinsi ya kumlea mtoto asiyeona. Macho yake nimemwomba Mwenyezi Mungu na ninaendelea kumwomba. Kwenu ninyi ninaomba mtu.

Nitawaeleza tulivyofika hapa, kwa sababu nyuma yetu wako watoto wengine wanaozaliwa, na baadhi yao macho yao bado yanaweza kuokolewa.

Nilikuwa Mombasa kwa arusi ya dada yangu, mimba ikiwa ya wiki 29, uchungu ukanishika usiku. Alizaliwa akiwa na gramu 1,150. Sijawahi kuona mtu mdogo vile; mguu wake ulikuwa sawa na kidole changu cha gumba. Walimtia kwenye mashine ya joto, wakampa oksijeni, wakamlisha kwa mpira wa puani, na baada ya wiki saba wakanikabidhi mtoto hai. Wauguzi wa wodi ile nawaombea dua kila swala. Sitasema neno baya juu ya mtu aliyekesha na mwanangu.

Lakini kuna jambo halikufanyika, na lazima niliseme. Mishipa ya damu inayolisha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, humalizika kukua karibu na wakati wa kuzaliwa. Mtoto akitoka mapema, inamkuta haijamaliza. Oksijeni inayompa uhai, kiwango chake kisipopimwa kwa makini, inaweza kuivuruga mishipa hiyo ikakua ovyo, ikaivuta retina mpaka ikabanduka. Ugonjwa huu unajulikana miaka mingi. Kwa mtoto mdogo kama wangu daktari wa macho anatakiwa kuangalia ndani ya jicho karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa, kisha kurudia, na akiona mishipa imeanza kupotoka hutibu kwa miale ya leza au kwa sindano. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi sana.

Wiki ya nne sisi tulikuwa bado wodini. Tulikuwa ndani ya jengo lile lile, mtoto kitandani, mama kwenye benchi. Hakuna aliyekuja kumwangalia macho, na siku ya kuruhusiwa hakuna aliyeniambia nirudi kwa ajili ya macho. Niliambiwa tarehe ya chanjo na ya kupima uzito. Nilizishika zote mbili, sikukosa hata moja, na ningeishika ya tatu.

Aliyegundua ni mavyaa wangu, mama yake mume wangu. Jioni moja umeme ulipotea, akawasha tochi ya simu kutafuta kiberiti, na mwangaza ukampitia mtoto usoni. Hakupepesa. Mavyaa akaurudisha mwangaza, akaupeleka kushoto, kulia, akanyamaza. Kisha akazima tochi akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto hebu tumpeleke." Nilikuwa nimeshaona mwenyewe kwamba hanitazami ninapomnyonyesha, ila kila mara nilijiambia kwamba mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, huchelewa, na kila niliyemuuliza alinijibu hivyo hivyo.

Ninyi mnaijua safari ya kutoka huku, lakini mnaijua kwa boti ya mwendo kasi. Sisi tunatoka Siyu alfajiri kwa pikipiki hadi Mtangawanda, tunapanda boti ya abiria, na maji yakiwa yamepwa tunangoja yajae ndipo tupite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. Amu, yaani mji wa Lamu, tunabadilisha boti kwenda Mokowe, bara. Mokowe basi, na basi linakwenda kwa utaratibu wa askari kwa ajili ya usalama. Ukifika Mombasa ni usiku. Mimi, mume wangu na mtoto wa miezi mitano, kwenda, kulala siku mbili na kurudi, tulitumia shilingi 11,000. Mume wangu aliuza wavu.

Daktari wa macho alikuwa mwungwana. Alimwangalia kwa muda mrefu, akatuketisha, akatueleza kwa Kiswahili chepesi kwamba retina zote mbili zimebanduka na kwamba wakati wa kutibu umepita. Alisema huenda jicho la kushoto linahisi mwanga mkali kidogo. Mume wangu akauliza, "Sasa tufanye nini, daktari?" Akajibu, "Mlee kama mtoto yeyote." Tulimshukuru, tukatoka. Jibu lile alilitoa kwa wema, lakini nimeshapata miezi tisa ya kulifikiria na limenishinda. Mtoto yeyote anajifunza kwa kutazama. Wangu nimfundishe kwa njia gani?

Nilipata mwalimu kwa bahati tu, kwenye benchi la nje ya chumba kile. Aliketi mama mmoja mwenye mtoto wa kiume wa miaka sita, asiyeona pia, tayari yuko shule. Aliniona nalia akanipa namba yake ya simu. Tangu wakati huo yeye ndiye kliniki yangu, afisi yangu na shule yangu. Ananitumia sauti kwenye WhatsApp usiku baada ya kuwalaza wanawe, nami nazisikiliza hapa nikishona. Yote nitakayowaeleza sasa nimeyajua kwake, na kwa kumchunguza mwanangu mwenyewe. Nayaandika kirefu ili muone ni mambo ya namna gani, na jinsi yasivyohitaji fedha nyingi.

Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nisimnyanyue mtoto kabla sijamwita. Mtoto anayeona humuona mama akija, akanyoosha mikono. Wangu alikuwa amelala kimya, ghafla mikono ya mtu inampeleka juu. Alikuwa akishtuka na kulia kila mara, na sisi tulidhani ana ukali, au ana kitu. Siku nilipoanza kumtaja jina, kisha kumgusa bega, kisha ndipo kumnyanyua, kilio kile kilipungua ndani ya wiki moja. Sasa navaa bangili mbili mkono wa kulia, zinalia nikitembea. Akizisikia anatabasamu. Baba yake hana bangili, basi huanza kukohoa tangu mlangoni, na mtoto ameshakijua kikohozi hicho.

La pili lilikuwa kunyamaza kwake. Nikizungumza naye alikuwa akiacha kucheza miguu, anatulia tuli, uso ameugeuza upande. Nilidhani hanitaki. Yule mama akaniambia, "Dada, huyo anakusikiliza. Anakupa sikio kwa sababu ndilo jicho lake." Nililia usiku ule kwa furaha na kwa majuto, kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa nimepunguza kumsemesha.

Nikajifunza kumlaza kifudifudi juu ya mkeka, nimekunja leso nikaiweka chini ya kifua, ili shingo na mikono vipate nguvu. Mtoto anayeona huinua kichwa apate kutazama. Asiyeona hana kinachomvuta, basi mtu asipompa sababu anabaki amelala chali, na miezi inapita. Sababu yake sisi ni kopo la mchele. Kaka yake mkubwa analitikisa mbele yake, karibu na mkono, na kungoja. Kungoja ndiko kugumu, kwa sababu mtoto asiyeona huchelewa kutambua kwamba kitu kinacholia ni kitu kinachoshikika. Kopo likinyamaza, kwake limetoweka duniani. Alipofika miezi 11 alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza kuifuata sauti, akaligusa. Nyumba nzima tulipiga vigelegele, jirani akaja kuuliza nani amechumbiwa.

Nikajifunza pia kutomshika mkono wake na kuulazimisha juu ya kitu. Naweka mkono wangu chini, wake juu ya wangu, twende pamoja, na akitaka kuondoka aondoke. Hivyo amemjua samaki mzima, magamba yake, mapezi, na jicho, kabla hajapikwa. Amemjua kuku akiwa hai. Ameujua ukuta wetu wa mawe ya matumbawe, na ngazi, na kizingiti ambapo asubuhi jua linaingia. Akihisi joto usoni anajua mlango uko wapi. Nikishona, namwachia kofia apapase. Kofia zetu za mkono mnazijua, zile za vishimo vidogo vilivyozungushiwa uzi, na vidole vyake vinapita kishimo baada ya kishimo. Anaweza kukaa na kofia moja nusu saa.

Lakini mama yule ni mzazi, si mtaalamu, na mtoto wake alipoteza uoni kwa sababu nyingine. Yako mambo ambayo sisi wawili hatuyawezi. Mwanangu hataki chakula chenye vipande, anakitema na kutapika, na bado anakula uji laini kama wa miezi sita. Usiku na mchana anavichanganya. Saa nane za usiku anacheza, saa nne asubuhi amelala fofofo. Anabonyeza macho kwa ngumi siku nzima, na nimesikia kwamba jambo hilo laweza kuyaumiza na kuyadidimiza ndani. Hajaanza kutambaa. Je, nimngoje? Nimsukume? Nimfanyie mazoezi gani ya nyonga? Hayo ni maswali ya mtu aliyesomea, na mtu huyo hayuko kisiwani Pate. Kiwayu, Ndau na Kiunga nako sijasikia kwamba yuko.

Waheshimiwa, ukiambiwa mtoto wako haoni akiwa na miezi mitano, jibu la kila afisi ni shule. Nimeulizia kila mahali, nimeambiwa Likoni, nimeambiwa Thika, kwamba kuna shule nzuri za wasioona, akifika umri nimpeleke. Nashukuru kwamba shule zipo. Ile ya Thika ina historia tangu mwaka 1946. Lakini umri huo ni miaka minne au mitano mbele. Miaka ya kushika, kuketi, kutambaa, kusema na kula ni hii ya sasa, na yote inapitia mikononi mwangu mimi, mshona kofia, ninayefundishwa kwa simu na mama mwenzangu kila anapopata bando. Mtoto akifika shuleni hajui kutumia mikono yake, hajui mwili wake unaanzia wapi na kuishia wapi, mwalimu atamkuta na deni ambalo si la macho.

Ninachoomba hasa ni hiki. Kaunti iajiri mtu mmoja, kwa kuanzia mmoja tu, aliyesomea malezi ya watoto wachanga wasioona na wenye uoni hafifu. Nchi hii ina taasisi ya kitaifa ya elimu maalum iliyoanzishwa mwaka 1986, na vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu vilianza hata kabla ya hapo, mwaka 1984. Utaalamu haujakosekana Kenya. Mtu huyo apewe nauli ya boti na ratiba inayofuata maji, aje Pate mara moja kwa mwezi, akae nyumba kwa nyumba, akae mkekani. Asitungoje Amu. Mtoto akipelekwa afisini anakuwa mtoto mwingine. Analia, anajikunja, anashika nguo yangu. Anayetaka kumjua amwone kwao, penye kopo lake na kizingiti chake.

Na hao wahudumu wa afya wa jamii waliovishwa fulana na kupewa mikoba mwaka 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba, wafundishwe siku mbili tu juu ya jambo hili. Yule wetu ni binti mwema sana, anampima mavyaa wangu sukari na presha, anauliza choo na vyandarua. Akifika kwa mwanangu anasimama mlangoni, hajui aanze vipi. Mwenyewe ameniambia, "Mama, sikufundishwa." Mfundisheni, atakuja.

Jambo la kuangalia macho mapema nalo halihitaji mashine kubwa kwa watoto wengi. Kijitabu cha mama na mtoto tunachopewa kliniki kina sehemu ya macho: muuguzi aulize kama mtoto anafuata kitu kwa macho, aangalie kama mboni ni nyeusi au nyeupe, kama ana makengeza. Kwenye kijitabu changu sehemu hiyo iko tupu. Nimeazima vijitabu vya akina mama watano wa mtaani nikavitazama. Vinne viko tupu. Watu wengi huku wanadhani mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee, wakati mtoto anaweza kuzaliwa nao, na akifanyiwa upasuaji katika wiki za mwanzo za maisha anaweza kuona, kwa sababu ubongo hujifunza kuona mapema na ukikosa nafasi hiyo haujifunzi tena vizuri. Na mboni inayong'aa weupe kwenye picha ya simu inaweza kuwa saratani ya jicho la watoto, inayoua isipotibiwa na ambayo mara nyingi hutibika ikiwahiwa. Tochi ndogo ya kuangalia jicho kwenye kila zahanati, na muuguzi mwenye dakika mbili. Kwa watoto njiti, karatasi ya kuruhusiwa hospitali iwe na tarehe ya daktari wa macho, na kaunti iwalipie nauli, kwa sababu safari niliyowaeleza hapo juu ni ya mtu mwenye wavu wa kuuza.

Niguse kuandikishwa, kisha niliache kwa sababu linanitia hasira na sitaki kuandika kwa hasira. Ili mtoto atambuliwe kuwa ana ulemavu lazima apimwe na jopo la madaktari, fomu ijazwe, ndipo apate kadi, na bila kadi familia haiwezi kufikiriwa kwa zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa. Nimesafiri mara mbili. Mara ya kwanza daktari mmoja wa jopo hakuwepo. Mara ya pili niliambiwa mtoto bado mdogo, nimngoje akue. Nimesoma karatasi zote nilizopewa, mstari kwa mstari, na sikuona mahali paliposema kwamba mtoto mchanga hana haki ya kuandikishwa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinamtaja mtu mwenye ulemavu, na mwanangu ni mtu. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025, nikasikia ikisifiwa redioni. Naomba jopo hilo lije Faza, hapa kisiwani kwetu, siku moja kila baada ya miezi mitatu, litangazwe misikitini wiki moja kabla. Mtawakuta wazazi ambao hamkujua kama wapo, maana wengine wanawaficha watoto wao.

Hilo la kuficha nataka kulisema kwa upole. Hatufichi kwa sababu ya ukatili. Mtoto wangu alipogundulika, walikuja watu na maneno: jicho la husuda, kitu alichokanyaga mama akiwa na mimba, adhabu. Wengine walileta kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qur'ani zilizoandikwa, nikanywa na nikampaka mtoto, wala sijutii, kwa sababu lilikuja na mapenzi na lina maneno ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuna wiki nilikuwa siwezi kutoka naye. Mtu akiingia namfunika mtoto uso. Kilichonitoa ni mavyaa wangu, aliyemchukua mchana kweupe, akampakata barazani mbele za watu, na kila apitaye akamwambia, "Msalimie mjukuu wangu, mtaje jina lako, maana yeye anakujua kwa sauti." Sasa watoto wa mtaa mzima wakipita wanapaza majina yao. Yeye anageuza kichwa kila jina.

Mashekhe wetu nao nawaomba watusaidie katika hotuba zao, na hapa nawaandikia kama binti yao. Mnaisoma Surat Abasa na mnajua iliteremshwa kwa ajili ya nani. Abdullah bin Ummi Maktum hakuwa akiona. Alikuwa mwadhini wa Mtume, sala na amani zimshukie, na Mtume alimwachia usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja alipokuwa safarini. Nawaomba mumtaje. Mama aliyeketi nyuma ya pazia na mtoto kama wangu mapajani atarudi nyumbani akiwa mwengine.

Na sisi watu wa Siyu tuna sababu yetu wenyewe. Karne ya 18 na ya 19 mji huu ulijulikana pwani nzima kwa wanazuoni wake na kwa misahafu iliyonakiliwa hapa kwa mkono, wino mweusi na mwekundu, kurasa zilizorembwa na mafundi waliokaa kwenye nyumba hizi ambazo leo nyingi ni magofu. Mikono ya Siyu iliandika Qur'ani. Yule mama wa Mombasa aliniambia kwamba ipo Qur'ani ya breli, yenye nukta zilizoinuka, na kwamba mtoto wake ameanza kuisoma kwa ncha za vidole. Nilipomsikia nilimtazama wangu akipapasa vishimo vya kofia. Tangu siku hiyo ninajua ninachomtakia, na ninajua pia kwamba chekechea ya hapa haina mwalimu hata mmoja anayejua nukta hizo. Elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, Jedwali la Nne la Katiba linasema hivyo, pamoja na vituo vya afya. Mwanangu atafika umri wa chekechea baada ya miaka isiyozidi mitatu. Mkimpeleka mwalimu mmoja wa Siyu au Faza kusomea breli mwaka huu, atakuwa amerudi na kuzoea kabla hatujabisha mlango wake. Mkingoja hadi tubishe, mtatuambia tumpeleke bweni la mbali, na mtoto wa miaka minne atalala Likoni akisikilizia bangili zisizokuja.

Mheshimiwa Gavana, katika kaunti yetu sasa kuna bandari inayopokea meli kubwa tangu mwaka 2021. Sina neno nayo, ndugu wa mume wangu anafanya kazi huko. Naitaja kwa sababu ilipokuwa inajengwa tuliambiwa kwamba kila lisilowezekana Lamu sasa linawezekana. Boti moja kwa mwezi na mtu mmoja mwenye mkeka haliwezi kuwa gumu kuliko gati.

Jibu lenu mnaweza kulileta kwa chifu wa Siyu, anatujua. Mkipenda kuja wenyewe, na ningefurahi sana mje, njooni siku ambayo asubuhi maji yamejaa ili msizuiwe Mkanda, mshuke Mtangawanda asubuhi hiyo. Kutoka hapo pikipiki zipo. Mkifika ngomeni ulizeni nyumba ya mtoto asiyeona, hata watoto wadogo watawaongoza. Nitakuwa nimepika. Mtamkuta kizingitini, kwa kuwa wakati huo jua huwa linaingia. Msimnyanyue mara moja. Ketini chini karibu naye, kila mmoja amtajie jina lake, kisha mngoje ageuze kichwa.

Wenu,
Mama wa mtoto wa kizingitini,
Siyu, kisiwani Pate.